Kitu cha Kijani Ndani ya Beseni

Shingo yangu iliniuma miaka miwili na zaidi. Simaanishi maumivu yale ya mtu anayesema kichwa kinamgonga, halafu unamkuta sokoni anacheka. Nikigeuka kuangalia nani ananiita, mpaka kucha za miguu zilikuwa zinalia. Maumivu yalianzia chini ya kisogo, yakashuka begani, yakaenda kulala kwenye kiwiko cha kulia, mkono ule ule wa kusukumia kitambaa. Na juu ya hapo, moyo. Pikipiki ikipiga mlio barabarani, au kifuniko cha sufuria kikianguka parseli ya tatu, ua wa tatu kutoka kwetu, mimi tayari niko chini ya meza ya kukatia, na jasho linalonitoka lingeweza kulowesha gunia zima la muhogo.

Sasa nimepona sehemu kubwa, na ninashukuru. Lakini asije mtu akafikiri ninaandika kwa furaha. Nina hasira, na fungu kubwa la hasira hiyo linanihusu mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kushona. Mashini yangu ya pedali inakaa barazani mwa duka moja la vitambaa, mtaa wa Rugenge. Nyumbani ni mtaa wa Songo, mji huo huo. Shule niliikatisha nikiwa msichana, nikairudia nikiwa na watoto watatu, kwa masomo ya jioni. Nilipopata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nilitembea nayo wiki nzima kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, nikamwonyesha hata muuza chumvi. Somo nililolipenda ni biolojia. Mpaka leo ninaweza kukuchorea tumbo la binadamu nikiwa nimefumba macho, kutoka kooni mpaka mlango wa nyuma. Ninalitaja hilo ili ujue kwamba siwezi kujitetea kwa kusema sikusoma.

Vidonge nilimeza. Vyeupe, vya njano, vya rangi mbili. Kama ungenitikisa ningelia kama kayamba. Niliombewa pia, na mikono ya watu wa Mungu ilinishika shingo kwa nguvu kiasi kwamba maumivu ya kesho yake yalikuwa mapya kabisa. Hakuna kilichobadilika. Na mtu akiumwa muda mrefu huku kwetu bila ugonjwa kupata jina, watu wanampatia jina wenyewe. Jina hilo ni karuho. Ni sumu ya taratibu. Mtu anakuwekea kidogo ndani ya chakula, na wewe unaendelea kutembea, unapungua, unapungua, mpaka siku wanakulilia.

Aliyelitamka kwanza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye tunakaa naye parseli moja. Wifi ni mtu wa kusaidia. Anasaidia mpaka unatamani kuhama mji. Alisema shingo haiwezi kuuma miaka miwili bila mkono wa mtu. Mimi nilibisha. Nilibisha siku tatu nzima, kwa diploma yangu, kwa mchoro wa tumbo, kwa kila kitu. Siku ya nne maumivu yalinishika katikati ya kushona gauni la bibi arusi, nikaangukia mashini, na mtu aliyeangukia mashini yake habishi tena. Nilimfuata wifi kwa mganga.

Mganga alikuwa mama mnene, msafi, mwenye sauti tamu kama ya mtu anayetangaza misa. Alichukua kitenge kipya tulichompelekea, akanipa kikombe cha maji machungu, akaniwekea beseni jeupe mbele ya magoti. Nilitapika. Jamani, nilitapika mpaka maziwa niliyonyonya kwa mama yangu. Halafu akachovya kijiti ndani ya beseni, akainua kitu cha kijani, kirefu kidogo, kinachoning'inia.

"Unaona? Ndiyo hii."

Wifi akashika mdomo. Mimi niliangalia kile kitu. Nilikitambua palepale. Ilikuwa sombe. Majani ya muhogo niliyokula jana yake, kipande kilichokosa kusagika vizuri kwenye kinu, na aliyeyatwanga na kuyapika ni huyu huyu wifi aliyeshika mdomo. Nilijua. Ninarudia, kwa sababu mwaka mzima nilijaribu kujidanganya kwamba sikujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuumwa na ugonjwa usio na jina, na hapa palikuwa na jina, linaning'inia kwenye kijiti.

Mganga hakumtaja mtu. Watu wa kazi hiyo ni wajanja kuliko mawakili wote wa mkoa. Aliuliza tu: "Asubuhi, ni nani anakupa kitu cha mafuta?"

Wifi akajibu kabla sijafumbua mdomo. "Ni ule mama wa mandazi. Kila siku iko anamupa."

Mama wa mandazi ni jirani yangu. Anakaanga mandazi kwenye mlango wa parseli yao, hatua ishirini kutoka kwetu, na kwa miaka kumi na moja mandazi ya kwanza ya asubuhi yalikuwa yangu. Alikuwa ananiwekea mawili kwenye kipande cha karatasi, ninapita, ninachukua, tunatukanana kidogo, ninaenda kazini. Alikuwa akiniambia kwamba nikiendelea kunenepa, mashini itaomba ruhusa ya kupumzika. Nami nilimwambia mandazi yake ni magumu, serikali iyanunue itengenezee barabara. Ndiyo urafiki wetu ulivyokuwa. Alizaliwa bondeni, upande wa mto Ruzizi, akaolewa hapa Songo. Na mtu aliyetoka mahali pengine, hata akikaa miaka mia, ndiye wa kwanza kutazamwa mambo yanapoharibika.

Wifi alimtaja. Mganga akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyekuwa anajua tangu zamani. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, sombe. Sikulisema.

Habari ilifika Songo kabla yetu. Sijui ilipanda pikipiki gani. Kesho yake nilipita mlangoni kwa jirani, nikamsalimia, na mandazi yangu mawili yalikuwa kwenye karatasi. Nikasema tumbo haliko sawa. Kesho kutwa pia. Siku ya tatu hapakuwa na karatasi. Salamu tuliendelea nazo, habari ya asubuhi, nzuri, habari ya watoto, wazima, kama watu wawili wanaozungumza kupitia dirisha la ofisi.

Na watu wakaacha kununua. Sikuona tangazo, hakuna aliyepiga kelele. Beseni lake tu lilianza kurudi ndani likiwa limejaa. Halafu nikaona kitu ambacho mpaka leo kinanichemsha damu. Huku kwetu mtu akikukaribisha kinywaji anakionja yeye kwanza, ili uone hakina kitu. Hiyo ni heshima, ya mgeni na mwenyeji. Jirani yangu akaanza kuifanya kwenye mandazi. Mteja akisimama, yeye anachukua andazi moja kutoka katikati ya beseni, analimega, analitafuna mbele yake, anameza, anafungua mdomo kidogo. Ndipo mteja anachagua ya kwake. Kwa kila mteja. Mama wa watu, mwenye umri wa kuitwa bibi, anafungua mdomo kwa vitoto vilivyotumwa mandazi ya chai. Na mimi ninapita na mkasi wangu kwenye mkoba.

Je, shingo ilipona? Shingo iliongezeka. Moyo ndio usiseme. Nililala nikihesabu mapigo kama karani wa kura.

Aliyenipeleka kwenye njia ya kweli ni mteja wangu mmoja, ambaye kila nikimpima nguo nilikuwa ninaguna. Alichoka na miguno yangu. Akanielekeza kwa papa mmoja wa kine, yaani mtu wa kunyoosha viungo, anayefanya kazi kwenye kituo kidogo cha afya, mzee mfupi mwenye mikono kama makasia. Nilienda na hotuba yangu tayari. Nilimwambia kuhusu vidonge, maombi, karuho, nikataka kufika kwenye beseni. Akainua mkono wa kunisimamisha.

"Mama, ilianza lini?"

Ninataka mtu anielewe hapa. Miaka miwili na zaidi, wote waliniuliza nani. Nani hakupendi, nani anakuonea wivu, nani anakupa chakula. Hata mimi nilijiuliza nani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza lini. Na jibu nilikuwa nalo hapo hapo, na saa yake.

Ilianza siku ile tulipokimbia. Milio ya risasi ilipokaribia, mji wote uliingia barabarani kuelekea mpaka, na mimi niling'oa kichwa cha mashini, ambayo siku hizo ilikuwa nyumbani, kutoka kwenye meza yake, chuma kitupu, nikajitwika. Uzito wake ulikuwa kama tembo mwenye mimba ya mapacha. Nilikibeba kutoka Songo mpaka ng'ambo, kwa jua, watu wanasukumana, na kila mlio ukipigwa nyuma shingo yangu ilikuwa inajikaza kushika kile chuma kisianguke. Watoto wangu wakubwa wawili walinishika kanga. Mdogo hakuweza kutembea mwendo ule. Mdogo alibebwa mgongoni na jirani yangu. Mama wa mandazi aliacha nyumbani sufuria, unga, karai, vyote vya kazi yake, akambeba mtoto wangu njia nzima ili mimi niokoe mashini yangu. Nilimweleza papa yule mambo haya nikiwa nimekaa wima kama mwanafunzi, na nilipofika hapo kwa jirani, nililia mpaka akafunga mlango.

Hakunifariji. Aliningoja. Kisha akaweka kidole kwenye msuli wa bega, akaubonyeza, nikaona nyota za mchana.

"Ile mashini haujaitua," akasema. "Na kazini kiti yako iko chini sana. Tutaanza na kiti."

Basi tukaanza na kiti. Hicho ndicho kilichonikasirisha zaidi ya yote, kiti! Matofali manne chini ya miguu ya kiti, ambayo yalikuwa yamelala nyuma ya duka tangu lianze. Taulo la moto. Kurudisha kidevu nyuma mara kumi, asubuhi na mchana, kama kuku anayeshangaa. Wateja walicheka mpaka wakasahau vipimo vyao. Kutoa pumzi polepole moyo ukianza mbio, na kubaki nimekaa nilipo, bila kuingia chini ya meza, mpaka mlio upite. Siku za kwanza nilishindwa. Kutembea kando ya ziwa kila asubuhi, mikono mitupu, bila kubeba hata sahani. Miezi ilipita. Siku moja mtu aliniita, nikageuka, nikamjibu, na nilikuwa nimeshapiga hatua kumi ndipo nikagundua kwamba niligeuza shingo bila kufikiri.

Ungedhani mtu aliyefika hapo anarukaruka. Mimi nilienda mpaka mlangoni kwa jirani, nikamwomba msamaha. Nilimweleza yote, beseni, kijiti, sombe. Alikuwa anageuza mandazi, hakuinua macho.

"Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaendelea kunisalimia." Akatoa mandazi, akayakung'uta mafuta. "Fundi, kunisemea minye hapa haisaidie kitu. Minye nilijua tangu mwanzo kama sikukupa sumu. Kaseme pale watu walisikia."

Watu walisikia kwenye robine, bomba la maji la mtaa. Pale ndipo mambo yote ya Songo yanapochotwa. Nilienda asubuhi iliyofuata, foleni ya bidoni, yale madumu ya maji, ikiwa imefika barabarani, na wifi yangu akiwa wa tatu. Moyo ulipiga kiasi kwamba nilidhani bidoni zinatetemeka. Shingo ikajikaza yote, ya zamani, kama vile haijawahi kutibiwa. Nikatoa pumzi. Nikasema kwa sauti ya kuuzia samaki: "Minye sikupewa karuho. Hakuna muntu alinipa kitu. Shingo iliniuma sababu ya kubeba mashini siku ya kukimbia, na mama wa mandazi ndiye alibeba mwanangu siku ile."

Mama mmoja mwenye bidoni mbili akauliza, na kile kitu kilichotoka kwa mganga?

"Ilikuwa sombe. Sombe ya wifi yangu huyu. Haikutwangwa vizuri."

Walicheka. Walicheka mpaka wakashika viuno, na mimi niliwaangalia kwa hasira, kwa sababu ndio hao hao walioacha kununua, na sasa walicheka kama watu waliosikia habari ya mji mwingine. Mmoja akasema yeye hakuwahi kuamini hata kidogo. Nilimwambia basi alikuwa anasubiri nini kununua. Wifi alichukua bidoni yake ikiwa nusu, akaenda, na mpaka leo ananipikia sombe iliyotwangwa mpaka imekuwa supu.

Wateja walirudi kidogo kidogo. Mimi nilienda mlangoni kwake siku hiyo hiyo, nikasimama mbele ya beseni la mandazi. Jirani yangu akachukua andazi kutoka katikati, akalimega.

Nikamshika mkono. Nikamwambia aache, mimi si wa kuonjewa.

Alitazama kile kipande mikononi mwake kama mtu aliyekuta kitu cha mwingine mfukoni.

"Mkono umezoea," akasema.

Akanipa lile lile lililomegwa. Nililila pale pale, nimesimama, lote. Lilikuwa gumu, nikamwambia ni gumu. Hakujibu tusi langu. Sasa mteja mwingine alikuwa amefika nyuma yangu, na jirani yangu alishainua andazi lingine mdomoni.