Halafu Unanawa Mikono

Kila kilomita elfu tano zikitimia, Baba Pacha humwaga oili ya pikapu yake mwenyewe, uani, karibu na dirisha la jiko. Akifanya kazi hiyo huongea kwa sauti kubwa utadhani ananadi samaki, na yuko peke yake. Majirani wanasema uzee umeanza kubisha hodi. Si uzee. Anaongea na mtu aliye ndani, jikoni.

Miaka miwili nyuma aliteleza bafuni, akavunjika mguu, akafungwa plasta mpaka gotini. Kazi yake ni kusambaza mikate madukani, na mikate haimsubiri mtu apone. Bahati nzuri mkewe, Mama Pacha, alikuwa ndiyo kwanza amepata leseni. Akashika usukani. Akirudi saa nne asubuhi, nguo zinanukia mikate, alikuwa na habari moja tu: "Leo tena wameniita dereva!" Neno hilo alilitamka polepole, kama anamung'unya peremende.

Jumamosi moja Baba Pacha alikuwa kwenye kochi, anatazama mpira na shemeji yake aliyekuja kumjulia hali. Mama Pacha akaingia na kile kikaratasi kinachobandikwa kwenye kioo cha gari.

"Baba Pacha, kilomita ulizoandika hapa zimefika."

"Basi mwaga oili. Spana iko kwenye ndoo. Nati iko chini ya injini, weka beseni."

"Namwaga, halafu?"

Kwa watu wa magari, kumwaga oili ni kazi nzima: kutoa chafu, kubadilisha filta, kutia mpya. Lakini Mama Pacha hakulelewa gereji. Aliuliza swali la maana kabisa. Basi tu, mpira ulikuwa umekaribia goli, shemeji ametega sikio, na Baba Pacha si mtu wa kuacha utani umpite.

"Halafu unanawa mikono, mama!"

Wanaume wakacheka mpaka plasta ikatikisika. Mama Pacha akatabasamu kidogo, akatoka. Akamwaga mpaka tone la mwisho, akafunga nati, akanawa mikono kwa sabuni ya unga. Dumu la oili mpya lilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya masanduku.

Kesho yake taa nyekundu iliwaka. Akadhani ni breki ya mkono, akaishusha tena na tena. Mtaa wa tatu injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bati, kisha ikakwama, ikazimika. Alirudi kwa miguu, kreti ya mikate kichwani.

"Oili mpya uliweka?" mumewe akauliza.

"Ulisema ninawe mikono."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka.

Kwenye kiwanda cha mikate wapakiaji wakampa jina: Mama Mwaga. "Mama Mwaga, chai hiyo usiimwage!" Plasta ilipotolewa, wakamuuliza Baba Pacha ilikuwaje. Sentensi moja tu ingetosha. Akasema, "Ah, wanawake na magari, mnajua wenyewe." Mkewe alikuwa amesimama palepale, anahesabu kreti za kupakia kwenye gari la kuazima. Akamaliza kuhesabu, akaweka funguo juu ya kreti ya mwisho. Tangu siku hiyo hajaendesha.

Injini nyingine ilipofungwa, Baba Pacha aliwaeleza wapakiaji ukweli wote. Wakamwita Bwana Sabuni wiki nzima, likaisha. La Mama Mwaga halikuisha.

Ndiyo maana anaongea na dirisha. Wiki iliyopita alianza kama kawaida:

"Unawasha injini dakika chache, oili ipate uvuguvugu, lakini isikuunguze! Gari liwe pasipo mwinuko, mawe nyuma ya matairi. Ikishatoka yote, filta mpya unaipaka oili kwenye mpira wake, unaikaza kwa mkono tu. Halafu..."

Hapo husimama kila mara.

"Halafu unatia oili mpya, Mama Pacha. Unatia mpya. Unasubiri, unachomoa kijiti, unapima."

Akanyanyua dumu, akaanza kuliinamisha.

"Wewe! Nati!" mkewe akapaza sauti kutoka jikoni.

Nati ilikuwa bado pale dirishani alipoiweka. Mama Pacha alitoka nayo mbio, akajilaza chini ya gari, akaizungusha kwa vidole, akaimalizia kwa spana. Alipotoka, viganja vyake vilikuwa vyeusi.

"Umejulia wapi yote haya?"

"Wimbo wako huo naimbiwa miaka miwili, nisiujue?"

Baba Pacha alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akatoa funguo mfukoni.

"Injini ile niliiua mimi. Na nikakuacha uchekwe. Kesho uende wewe na mikate, dereva."

Mama Pacha alizitazama zile funguo. Aliunyoosha mkono kidogo, akauona ulivyo mweusi, akaurudisha.

"Ngoja ninawe mikono," akasema, akaingia ndani.

Baba Pacha akakaa juu ya ndoo, akasubiri. Bomba likafunguliwa. Likafungwa. Kisha akasikia kisu kikikata vitunguu, taratibu, kitunguu cha kwanza, cha pili.

Aliinuka, akaziweka funguo dirishani, palepale nati ilipokuwa, azichukue akitaka. Halafu akatia oili mpya, safari hii bila wimbo.