Msitu wa Chumbani kwa Dada

Brashi, kama wanavyomwita mtaani, anachora mabango ya vinyozi na mabucha tangu ndevu hazijamwota, na theluji hajawahi kuitia machoni. Lakini alipoamua kuchora msitu wa theluji kwenye ukuta wa chumba, nani angemzuia? Mkewe alijaribu, akachoka, akamshikia ngazi.

Chumba kilikuwa cha dada yake, aliyerudi kutoka nchi ya baridi alikoishi miaka mingi na kumzika mumewe. Alisema amekuja kusalimia tu. Sanduku aliliacha mlangoni, nguo zote zimo ndani, na yeye akawa anashinda kitandani, chai inapoa. Brashi hakutaka dada yake arudi kuzeekea ugenini peke yake. Roho ilimuuma kweli. Akajisemea, kama anachokikosa ni ule msitu wa theluji wa nyuma ya nyumba yake ya huko, basi tutauleta hapa.

Akachora miti mirefu, matawi yameinama. Chini akapaka nyeupe pe pe pe. Dada akaja kutazama, mikono kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu, hii ni chokaa. Umenipakia ukuta wa zahanati."

"Kwani theluji si nyeupe?"

"Nyeupe, lakini kivulini ina ubuluu. Lete hiyo brashi."

Mama mzima akavua kandambili, akaanza kazi. Walishinda wakibishana. Brashi naye, mjanja wa watu, akawa anakosea makusudi ili dada aendelee kumsahihisha.

Walipomaliza, dada alichovya ubavu wa ngumi kwenye rangi ya buluu, akaugandamiza kwenye theluji, chini yake akadonoa vidole vitano kwa ncha ya kidole. Unyayo wa mtoto! Ndivyo walivyokuwa wakichezea vumbi la sakafuni utotoni, mama aulize ni mtoto wa nani kapita. Akapiga mwingine, na mwingine, kutoka mitini hadi chini kabisa, karibu na kitanda.

"Dada, nani atembee peku kwenye baridi hiyo?"

"Aliyeona kwao pamekaribia."

Brashi akatazama vidole vya nyayo hizo. Vyote vilielekea chumbani. Machozi yakamlenga, akajifanya anakusanya makopo, na kule mlangoni akajikwaa kwenye sanduku.

"Hili nalo nikuwekee wapi?"

"Juu ya kabati," dada akasema. "Subiri kwanza nitoe nguo."