Kinamfanyia Mtoto Nini?

Mburu alikuwa fundi wa jipsamu, na kila alichokitamani kwa ajili ya mtoto wake alikiona kwanza akiwa juu ya ngazi. Kazi yake ilikuwa kuweka dari katika nyumba mpya zinazoota kila siku upande wa Ruiru, na akiwa kule juu fundi huona maisha ya wenye nyumba kuliko hata wageni wao. Katika nyumba moja iliyo nyuma ya lango kubwa la chuma, aliambiwa achonge mawingu na nyota juu ya chumba ambacho mwenyewe wake alikuwa bado hajazaliwa. Chini palikuwa na kitanda cha mbao nyeupe, kigari cha magurudumu matatu, kiti kinachobembea chenyewe huku kikiimba, na mashine ya kuchemshia chupa za maziwa. Mburu alishuka akiwa mweupe kwa vumbi kama aliyemwagiwa unga, akajiapia moyoni kwamba wake naye hatakosa kitu.

Yeye mwenyewe alilelewa juu ya gunia lililotandikwa kando ya shamba la kahawa huko Gatundu, mama yake Waruguru akichuma kahawa ya mtu mwingine. Mama huyo alikufa kabla Mburu hajapata kitu cha kumpa. Labda ndiyo maana.

Basi vitu vikaanza kupanda ngazi, kimoja baada ya kingine, mpaka orofa ya tatu ya nyumba moja ya kupanga pale Gatongora, ambapo Mburu na mkewe walikuwa na chumba kimoja. Mkewe, Nzisa, alikuwa msichana wa Matuu, mshonaji katika kiwanda cha nguo, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake.

"Hii ni nini tena?" aliuliza jioni moja, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Kigari."

"Hiyo naona. Nauliza, kinamfanyia mtoto nini?"

"Atatembezwa nacho."

"Wapi? Hapa kwa ngazi? Ama kwa ile matope yetu, mpaka tuite trekta ije kuvuta?"

"Wewe hutaki tu mtoto wetu akae kama watoto wa watu."

"Ai, Mburu! Mtoto wetu ni mtoto wa watu. Watu ni sisi."

Hata hilo halikumzuia. Kikaja kitanda, likaja beseni lenye kichwa cha bata, kikaja kitembezi cha magurudumu ambacho watu hukiita woka, vikaja viatu vya ngozi vya mtu asiyejua kusimama. Nzisa alivichunguza vyote kama hakimu na kuuliza swali lake lilelile. Nepi zilipita. Sabuni ilipita. Kofia na soksi zilipita, na leso mbili alizotumiwa na mama yake zilipita bila kuulizwa. Vingine vyote vilishindwa.

"Huyu mtoto anakuja na mizigo kama mbunge," alisema, akacheka hadi akashika ukuta.

Siku hizo alikuwa anavaa ndala za Mburu. "Miguu imekataa viatu," alieleza, na hilo nalo wakalicheka. Kichwa kilimuuma, akasema ni kelele za mashine za kiwandani. Mburu alikuwa amejifunza tofauti ya magurudumu ya mpira na ya plastiki, lakini hakuna mtu, si dukani wala kwingine, aliyemwambia kwamba mama mjamzito akivimba hivyo na kichwa kikamgonga hivyo, mtu hukimbia naye hospitali. Kutoka Ruiru hadi Thika mabango ya vigari na maziwa ya kopo yamepangwa kando ya barabara kuu, na watoto wanene wanakuchekea kutoka juu. Bango la miguu ya mama hakuna. Halina cha kuuza.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba wa mimba, Nzisa alisema anaona vimulimuli mbele ya macho. Kisha akaanguka, akakakamaa. Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali moja ya Thika, na huko wakamwambia Mburu jina la ugonjwa akiwa amechelewa kulijua: kifafa cha mimba. Walimpasua. Mtoto wa kike alitoka akiwa na kilo moja na kidogo. Nzisa alikuwa bado hajaamka.

Waliposema mtoto yuko hai, Mburu alifanya kile alichojua kufanya. Alirudi Gatongora, akajaza kigari hadi pomoni, akakileta wodini.

Muuguzi aliyekuwa zamuni, Sista Wangechi, mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alikitazama kile kigari kutoka juu hadi chini.

"Baba, unahamia hapa?"

"Ni vitu vya mtoto, Sista."

"Rudisha. Leta kofia, soksi, nepi na leso."

"Hata kitanda kipo, nikitaka naweza—"

"Kuja uone." Alimwonyesha masanduku ya joto. Moja lilikuwa limekufa kitambo, na kwenye mengine watoto walikuwa wamelazwa wawili wawili, kama mikate. "Wako hana nafasi. Huyu ataishi kwa ngozi ya mtu, kifua kwa kifua, mchana na usiku, mpaka aweze kujipasha joto mwenyewe. Mama yake yuko wapi?"

"Bado hajaamka."

Sista Wangechi alimpima kifua kwa macho. "Basi vua shati," akasema. "Na uoge kwanza. Hilo vumbi la jipsamu sitaki lipande kwa pua ya mtoto."

Kesho yake Nzisa alikufa. Habari ilimkuta Mburu ameketi kwenye kiti cha plastiki, kifua wazi, amefungwa leso, na ndani ya leso kitu chenye uzito wa ndege mdogo kikipumua, kikisahau kupumua, kikikumbuka tena. Hakuweza kuanguka chini. Hakuweza hata kulia kwa nguvu, kwa sababu kifua kilikuwa si chake tena. Alilia kwa macho tu.

Akina mama wa wodi ile, kila mmoja na wake kifuani, walimpokea wenyewe, na kwa kuwa mtoto alipewa jina la mama yake Mburu, wakamwita Baba Waruguru. Waceke, mama wa mapacha, ndiye aliyekuwa msemaji wao.

"Baba Waruguru, leo umenyonyesha?"

"Nimejaribu, Mama Mapacha. Imekataa."

"Kunywa uji. Wewe unaringa na uji, na maziwa itatoka wapi?"

Walicheka polepole, wote, wasiwaamshe waliolala. Kisha Waceke akageukia ukuta, akajifuta macho.

Mtu wa pili aliyeruhusiwa kumshika mtoto alikuwa Mama Kaleli, mama yake Nzisa, aliyefika kutoka Matuu na kukaa kwa binamu yake pale Kiganjo, hapo hapo Thika. Sheria ya wodi ilikuwa watu wawili tu kwa kila mtoto, wasibadilishwe, kwa sababu ya magonjwa. Na hapo pakawa na tatizo ambalo Sista Wangechi hakulitarajia.

Kwa Wakamba, watu wa Mama Kaleli, kuna heshima iitwayo nthoni. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono ovyo, hawaketi kiti kimoja, na kuonana wakiwa hawajavaa vizuri ni jambo la kutotajwa. Vijana wengi siku hizi wanaicheka. Mburu alikuwa Mkikuyu, ila kwao pia mkwe ni mtu wa kuogopwa, na tangu amwoe Nzisa hakuwahi kumtazama mama huyu usoni kwa muda wa kumaliza sentensi. Sasa walitakiwa wapokezane mtoto kutoka ngozi hadi ngozi.

Wakafungiwa shuka katikati. Mama Kaleli alikaa upande wake na kutayarisha kifua chake. Mburu upande wake akafungua leso. Na sista, akipatikana, alimtoa mtoto huku na kumpeleka kule. Asipopatikana, mtoto alilazwa kwenye meza kati yao, amefunikwa, akingoja.

"Hapa katikati ndipo mtoto anapoa," Sista Wangechi aliwaambia siku moja, kipimajoto mkononi. "Anapanda kwa baba, anapanda kwa nyanya, halafu hapa mezani anapoteza yote. Mimi nina watoto wengi, siwezi kuwa daraja lenu."

Walimsikia wote wawili, kila mmoja upande wake wa shuka.

Zamu ya mama mkwe ikifika, Mburu alikwenda Gatongora kuoga. Siku hizo chumba chake kilikuwa mahali pa matanga. Watu wa kanisa na wa kiwandani walikusanyika humo kila jioni, wakaomba, wakapanga mazishi, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo walitumia vilivyokuwapo. Makoti na mikoba ya waombolezaji ilijaa katika kitanda cha mtoto. Kigari kilikuwa kimeachwa chini ya ngazi, kikibeba mitungi ya maji. Mburu alipoingia, alimkuta mwanamke mmoja amechuchumaa, akiosha vikombe vya chai ndani ya beseni lenye kichwa cha bata.

"Pole sana, ndugu yangu," yule mwanamke alisema. "Tumetumia hii tu, hatukupata ingine."

"Ni sawa," Mburu alisema. "Imepata kazi."

Mazishi yalipangwa Gatundu, nyumbani kwa baba yake Mburu, Mzee Mugo. Ndipo likaja swali ambalo kila mtu alikuwa akilikwepa. Kila kifua wodini kilikuwa na mtoto wake. Masanduku yalikuwa yamejaa. Mmoja kati ya wale wawili, mume au mama, hangemzika Nzisa.

Mama Kaleli aliongea kupitia shuka. "Baba Waruguru, wewe nenda. Mume asipoonekana kaburini watasema alimchukia."

"Mama, wewe ndiye ulimzaa."

"Na huko ni kwenu. Ni wewe wa kutupa mchanga wa kwanza."

Mzee Mugo naye alipiga simu, sauti yake ikisikika hadi kwa Waceke. "Mburu, mtu gani hamziki bibi yake? Utaniambia niwaambie nini hao watu wa Ukambani? Ati umebaki ukilea?"

"Ndiyo, baba. Nimebaki nikilea."

"Wacha mchezo!"

Simu ilipokatika, Mburu aliweka kidole kimoja juu ya mgongo wa mtoto, akihesabu pumzi bila kutaka. Alimkumbuka Nzisa mkono kiunoni mbele ya kigari. Akajiuliza swali lake. Kwenda kwake kaburini, kusimama pale na suti ya kuazima, kunamfanyia mtoto nini? Kusingempasha joto. Na mtu wa kumwambia Nzisa kwaheri alihitajika, lakini alihitajika mmoja tu.

"Mama," alisema kuelekea shuka, "mimi Nzisa amenibakizia huyu. Wewe hakukubakizia kitu ila hilo kaburi. Nenda."

Upande wa pili akasikia mwanamke mzima akilia ndani ya kitambaa.

Siku ya mazishi Sista Wangechi alizima redio ya chumba cha wauguzi bila kuambiwa. Hakuna aliyemtania Mburu siku hiyo. Saa ya kulisha ilipofika, aliinua bomba la maziwa juu ya kichwa cha mtoto na kuyaacha yashuke yenyewe, tone kwa tone, kupitia mrija wa puani. Akajua kwamba ndiyo saa hiyo, huko Gatundu, wanaimba. Waceke alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini kabisa, wengine wakauingia. Mburu hakuimba. Aliangalia maziwa yasishuke haraka.

Jioni Mama Kaleli alirudi. Viatu alivivua mlangoni, vimejaa udongo mwekundu. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, kama walivyofundishwa, akaketi upande wake wa shuka. Mburu akamsikia akitandua leso. Sista alikuwa mbali, ameinamia mtoto wa mtu mwingine aliyegeuka bluu.

Mburu akaanza kumfungua mtoto ili amlaze mezani.

Mkono wa mwanamke mzee, wenye makovu ya jembe, ukashika shuka na kuivuta kando yote.

"Usimweke hapo," Mama Kaleli alisema. "Nipe hapa."

Mburu alifumba macho. Alihisi vidole vya mama mkwe vikipita kwenye kifua chake, vikimwinua mtoto, na baridi ikiingia pale alipokuwa. Alipofumbua, mtoto alikuwa tayari yuko kwingine, shavu juu ya ngozi iliyomlea mama yake. Mama Kaleli alikuwa akimtazama Mburu usoni, wazi, kwa mara ya kwanza.

"Walikuulizia," alisema.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia yuko kazini, mwanangu."

Baadaye Sista Wangechi alipita, akaweka kipimajoto chini ya kwapa la mtoto, akangoja, akakisoma mara mbili. Akaitazama ile shuka iliyovutwa kando.

"Leo hajapoa," akasema.