Wifi yangu kamtangaza mwanangu kapona ADHD kwa unga wake, skuli wakampokonya dasta

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Pujini, wala sikutia chumvi. Chumvi alishatia wifi yangu.

Nilichoka rasmi saa nne asubuhi, mlangoni mwa darasa la pili. Nimeitwa skuli. Binti yangu Rahma, miaka minane, kasimamishwa ukutani, analia. Mwalimu wake ananambia kwa upole kabisa:

"Mama Rahma, zamani tukimvumilia kwa sababu anaumwa. Sasa si keshapona? Hii iliyobaki ni tabia."

Nikamuuliza nani kamwambia kapona.

Akanionesha simu. Video ya mwanangu.

Nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Rahma ana ADHD, ile hali ya ubongo inayomnyima mtoto kutulia na kumakinika. Si jini, si kijicho, si kudekezwa, hayo yote nishaambiwa. Daktari wa Chake Chake alimpima, akampangia kliniki, akanipa barua ya skuli: akae mbele, apewe kazi fupi fupi, akishindwa kutulia apewe cha kufanya.

Mwalimu akampa dasta. Miguu ikianza kumcheza, Rahma anainuka, anafuta ubao, anarudi kukaa. Ule ubao ukawa safi kuliko sahani zangu. Na mtoto akaanza kusoma.

Ndipo akaja Bi Mize, dada wa mume wangu, anakaa Chokocho. Anauza supplement, unga wa mimea wa pakiti. Zamani akiuza vitenge. Akaenda semina moja, akarudi mtaalamu wa ubongo.

"Wifi, ubongo wa mtoto umeshika kutu," akanambia. "Antioxidant za mimea ndizo zinazosugua. Hizo kliniki zinakupotezea siku tu."

Nikanunua. Sijitetei. Mtoto akishapanda kabati mara tatu kabla ya chai, mtu akikwambia kutu, na wewe unaiona kutu. Tena kliniki moja niliikosa kwa kumsikiliza yeye. Hilo kosa ni langu.

Baadaye ndio nikakaa kuisoma pakiti. Manjano, mlonge, karafuu.

Karafuu, wakuu. Nimesimama uani kwangu, jamvi la karafuu linakauka miguuni, mkononi nimeshika karafuu niliyouziwa. Ya kwao imeandikwa Kiingereza.

Kipimo cha mtoto hakuna. Kumeandikwa kijiko. Cha chai au cha pilau, Mungu ndiye ajuaye.

Nikaipeleka kwa daktari. Hakunicheka, wala hakusema ni sumu. Alisema hizo antioxidant bado zinachunguzwa, ushahidi wake kwa watoto hawa ni mdogo, haziwi badala ya matibabu, na unga usio na kipimo yeye asingempa mwanawe. Matunda na mboga nimpe nipendavyo. Nikaacha siku ile ile.

Sasa hiyo video. Tulikwenda Chokocho kwenye khitma. Rahma alikuwa na homa, kajikunja kwenye mkeka, kimya. Wifi akamrekodi bila kuniuliza, akaandika: "Mtoto wa ADHD, wiki mbili za unga wetu, kapona, alhamdulillahi." Ikazunguka magrupu mpaka ikafika kwa mwalimu.

Mtoto anachemka, yeye anatangaza biashara.

Nikampigia pale pale nje ya darasa.

"Wifi, ifute hiyo video. Na useme hajapona."

"Ah, nawe! Maneno huumba. Sema kapona, atapona."

"Kapokonywa dasta."

"Dasta? Unagombana na mie kwa dasta?"

Ndiyo. Nagombana kwa dasta.

Mchana tumekaa tunakula, mume wangu Hamad akasema, "Dada'ngu yule. Yaishe ndani." Rahma ndiye aliyemjibu.

"Baba, nikiumwa tena nitarudishiwa dasta?"

Hamad hakumaliza wali wake.

Nililojifunza: mtoto asiyetulia akitulia ghafla, mpapase kwanza paji la uso, muuzaji utamshukuru baadaye. Na anayekwambia acha kliniki, muulize yeye siku ya mtihani atakaa wapi.

Wenye watoto kama wangu, andikeni hapa skuli zenu zinawasaidiaje, nahitaji kweli. Wenye unga, piteni kimya. Wanaoona nimevunja udugu, semeni, ila msome kwanza nilichokipeleka jana kwenye ofisi inayosimamia dawa na vyakula. Nakinakili kama kilivyo:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUUZAJI WA UNGA WA MIMEA

Mlalamikiwa anauza unga usio na kipimo cha mtoto na anadai unaponya ADHD. Ametumia video ya mwanangu akiwa na homa kuwa ushahidi, bila ridhaa yangu. Mwanangu hajapona. Naomba unga ukaguliwe, madai hayo yazuiwe, na mlalamikiwa afute video na aseme ukweli kwenye magrupu yale yale. Nakala kwa Mwalimu Mkuu, ili mtoto arudishiwe dasta.

Uhusiano na mlalamikiwa: Wifi.

Shahidi: Hamad, mume wa mlalamikaji, ndugu wa tumbo moja na mlalamikiwa. Ametia saini.