Zamu ya Zena Kwenye Bembea

Harufu ya klorini ikinipata hata leo, nikiwa nafua mashuka, nyayo zangu hukumbuka joto la viatu ambavyo siku ile havikuwa vyangu. Nawaambia nyinyi tu. Kama nimekosea mahali mnisamehe, shule sikukaa sana.

Baba alikuwa fundi cherehani huko Gitega. Mimi na dada yangu Zena tulikuwa na jozi moja ya viatu: mmoja anavaa kwenda, mwingine kurudi. Kila Idi, baada ya swala, tulikwenda bustani ya mjini kupanda bembea. Watoto wa wakubwa walikuja na yaya zao, sisi na kashata zetu, na foleni ilikuwa moja.

Kisha kikaja kipindupindu. Idi ya mwaka ule tulikuta getini karai la klorini, na mlinzi, Mzee Haruna, jirani yetu.

"Peku haingii," alisema, akitazama karai. "Ni amri, si mimi. Wanasema ugonjwa iko kwenye miguu ya watu wa kwetu."

"Mzee, si unatujua?" Zena alimwuliza.

"Ndiyo maana naona haya, binti yangu. Mwenye viatu apite."

Zamu ilikuwa ya Zena. Nililia. Akavivua, akanivalisha. "Bembea mara kumi, halafu unipitishie viatu kwenye wavu wa uzio."

Ndani hakukuwa na mtoto hata mmoja. Bembea zote zangu.

"Mwaju, iko tamu?" Zena aliuliza, vidole vimeshika wavu.

"Iko tamu," nilijibu, ingawa hakukuwa na wa kunisukuma. Kumi zilipita, nikajifanya nimesahau kuhesabu.

Nilipompelekea viatu, mtu wa ofisi ya mji alikuwa amekuja na kufuli. Bustani ikafungwa miezi mingi. Ilipofunguliwa, viatu havikumwingia Zena tena. "Bembea ni za watoto," alisema, akanipa vyote viwili.

Miaka ya baadaye, nikimsaidia baba kupeleka mapazia kwenye nyumba kubwa, niliona bembea katika kila ua. Siwezi kusema wenyewe walitufukuza. Pengine hawakusikia habari ya viatu. Walikuwa na pao pa kuchezea, basi, na Mzee Haruna alituzuia kwa ajili ya watu wasiokuja.

Hilo nimelielewa. Lakini zile nilizobembea baada ya kumi hazikuwa amri ya mtu yeyote.