Msikilizaji Asiseme Neno

Ofisi iliponihamishia Dodoma nilipanga Nzuguni, nikakaa miezi minane bila mtu wa kunijulia hali. Sijionei huruma, nina mdomo mkali, na majirani waliujua wiki ya kwanza. Basi nikajiunga na mafunzo ya mtandaoni ya kutuliza akili na kujenga ukaribu na watu. Mtu kama mimi akijifunza ukaribu kwenye simu, jua mambo yamemfika shingoni.

Kila jioni unaunganishwa na mwenzako. Anaeleza kilichomsumbua kwa dakika tano, wewe unasikiliza, kisha mnabadilishana. Sharti moja: msikilizaji asiseme neno. Nikapewa mwalimu mstaafu wa Mvumi, rika la mama yangu. Jamani! Shikamoo, marahaba, za kazi, za nyumbani, mvua huko imenyesha? Dakika zangu zimekwisha sijasumbuliwa na chochote. Na sharti lenyewe hakulijali. Nikisema bosi kanifokea, yeye, “Ee! Pole mwanangu! Kwani yeye nani?”

“Mama, hapa hatuitikii,” nikamwambia, mjuaji mimi.

Jioni moja, zamu yake, akasema tangu mumewe azikwe bado anaacha mlango wazi ikifika saa ya mzee kurudi. Mimi kimya.

“Haloo? Upo?”

Kimya. Roho ilikuwa inaniuma, lakini sharti ni sharti.

“Mwanangu, unanisikia?”

Mwanafunzi bora nimebana midomo. Akasema polepole, “Haya, basi,” akakata.

Kesho yake hakuonekana, wala keshokutwa. Wenye mafunzo wakaniandikia kwamba nitapewa mwenzangu mwingine. Mwingine! Nani kawaomba mwingine? Nilijiona mjinga wa mwisho. Kwetu hata mpita njia akijikwaa anapewa pole, mimi mtu kanitajia msiba wake nikamnyamazia.

Namba yake nilikuwa nayo. Nikapiga, na shikamoo sikuimaliza. “Pole, mama. Pole sana. Nilikusikia kila neno.” Kisha nikalia, tena kwa sauti, bila haya.

“Nilidhani umenichoka,” akasema.

“Nikuchoke vipi? Dodoma nzima sina mwingine.”

Nikamsikia anapenga kamasi. “Kesho unipigie mwenyewe, tuachane na mafunzo yao,” akasema. “Na ukininyamazia tena, nitakuja hukohuko Nzuguni nikuchape.”

Nikamwambia aje tu.