Ringi ya Lori na Mama Mkwe

Siku moja hunijia akilini kila nikisikia mwanamume akijigamba kwamba haogopi kitu. Mwanangu, mtu akisema hivyo karibu yangu mimi husogea pembeni kwanza, halafu ndipo namsikiliza.

Nilikuwa msichana mwenye mchumba. Tulikaa Jinja, ingawa kwetu hasa ni Busiu, njia ya kutoka Mbale kwenda Tororo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yangu, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa amenunua mnadani lori kuukuu la jeshi. Lilikuwa zima na lina nguvu, lakini baba hakuridhika. Alitaka liingie Mbale likiwa refu, wenye maduka ya jumla watoke nje kulitazama. Basi akatafuta matairi mapana kuliko yaliyolifaa, akazipaka rimu rangi nyeupe, akamwita Afande Okiror aje kuyafunga pale uani kwetu.

Afande Okiror alikuwa Mteso kwa kabila, askari mstaafu aliyezeeka akitengeneza magari ya jeshi. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya kutisha mbwa. Alipoyaona matairi, alilala chini akatazama, akainuka akijipangusa vumbi.

“Bwana, hii tairi ni kubwa, rimu ni ndogo,” akamwambia baba. “Ringi haiwezi kaa vizuri.”

Nikueleze, maana nyinyi mmekua na magari mengine. Rimu za malori yale hazikuwa za kipande kimoja. Unavisha tairi na tyubu yake, kisha unafunga kwa ringi ya chuma ukingoni. Ukijaza upepo, tairi ndilo linaloibana ringi isitoke. Lakini ringi isipokaa sawa, upepo huohuo huirusha kama ghadhabu ya Mungu, na aliyesimama mbele yake hasimulii.

Kwa hiyo Afande alikuwa na taratibu zake. Alitaka kulifunga gurudumu kwa mnyororo. Baba akakataa, eti mnyororo utakwangua rangi. Afande akavuta mpira mrefu wa upepo mpaka nyuma ya ukuta mfupi wa jiko la nje, akachuchumaa huko, mzee mzima yule, mikono juu ya kichwa. Uani kote tukaangua kicheko. Nami nilicheka, tena nikamshinda kila mtu.

Aliyecheka kwa dharau ni Wafula, mchumba wangu. Mwaka uliopita alikuwa amesimama imbalu, tohara yetu Wagisu, ambapo kijana husimama mbele ya kisu na umati, na akipepesa jicho tu ukoo mzima unabeba aibu. Wafula hakupepesa. Tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine. Ukimwomba maji ya kunywa, anakusimulia kisu.

“Afande,” akasema, “mimi nilisimama mbele ya kisu, kijiji yote inaangalia. Leo nikimbie upepo?”

Akachukua nyundo, akaliinamia gurudumu, akaanza kuigonga ringi iliyokuwa imekaa upande huku upepo ukiingia. Afande akatoka mbio akazima mashine ya upepo. Baba, akiwa kwenye kigoda chake palepale karibu, akaiwasha tena.

“Lori langu, uwanja wangu,” akasema baba. “Mwache mkwe wangu afanye kazi ya wanaume.”

Afande akarudi ukutani, lakini alipopita karibu yangu akasimama. Nilikuwa bado na meno nje.

“Binti, cheka,” akaniambia polepole. “Kwa mwoga huenda kicheko. Kwa shujaa huenda kilio. Huyo ni bwana yako, si yangu. Wewe ndio utalia.”

Kicheko kilinikauka. Nilimpenda Wafula, mwanangu, pamoja na kisu chake. Nikamwita, “Wafula, toka hapo.” Akaniangalia, akaangalia watu, akainama zaidi. Nikatambua kwamba kila nitakapomsihi mbele za watu nitazidi kumshindilia pale. Ringi ilikuwa inalia kidogokidogo, ki, ki, ki.

Nikakimbilia nyuma ya nyumba, mama alikokuwa akitwanga karanga. Huko alikuwa amejificha kwa makusudi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mahari ilikuwa imeshaanza kutolewa, na Wafula akimwona mama njiani aliingia hata kwenye miiba ili wasikutane.

“Mama, twende uani. Sasa hivi.”

“Si mkwe yuko huko? Watu watasema nini?”

“Watasema mengi, mama. Matangani watasema zaidi.”

Mama alinitazama usoni, akatupa mchi. Akapiga kona ya nyumba bila kukohoa, bila kubisha, kitenge kimemlegea, unga wa karanga mpaka kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwa mkwewe.

Shujaa wa imbalu aliinua macho. Nyundo ilianguka. Sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Aliruka ukuta wa jiko akamwangukia Afande mgongoni. Baba naye akainuka kwa hasira, akamfuata mama kumgombeza kwa kukosa adabu, akamkokota mpaka mlangoni.

Ndipo gurudumu likapasuka.

Ringi ilipita pale kilipokuwa kichwa cha Wafula, ikatoboa paa la choo cha jirani. Jirani mwenyewe alikuwa anaelekea huko na birika mkononi. Akageuka, akarudi ndani kwake bila kumsalimu mtu. Kigoda cha baba hatukukiona tena.

Nyuma ya ukuta ikasikika sauti ya Afande: “Bwana, sasa hesabu watu.”

Matairi yale yakawa viota vya kuku. Lori liliingia Mbale na matairi yake ya zamani, fupi hivyohivyo, na hakuna aliyetoka dukani. Wazee wa Busiu walikaa kuamua nani atoe kuku wa kulipia kosa, mama aliyemwendea mkwe au mkwe aliyesababisha aendewe. Walikula kuku kwanza, hukumu haikupatikana.

Wafula akanioa. Kwa miaka yote mama aliyoishi, yeye na mkwewe hawakuzungumza hata neno moja, kama desturi inavyotaka. Lakini kila tulipotoka Mbale Wafula aliacha mkungu wa ndizi mlango wa nyuma wa mama, akakohoa, akaondoka. Mama naye, akiwa nami ndani, aliniambia, “Mwambie nimefurahi kwamba kichwa bado kipo.” Siku tulipomzika, mume wangu alisimama kaburini na kumshukuru kwa sauti, mara ya kwanza, mwanamume yule akilia mbele ya kijiji kizima.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii uwe mwoga. Kisu kina siku yake, simama. Ila hatari isiyo na maana haina tuzo, ikimbie mapema. Na ukimwona umpendaye ameng'ang'ania mauti kwa sababu anaogopa kuchekwa, usishindane na kiburi chake. Mtafutie njia ya heshima ya kuondoka, hata kama aibu itakurudia wewe, kama mama yangu alivyokubali.

Mungu akupe moyo wa kusimama panapostahili na miguu myepesi pasipostahili. Na siku moyo na miguu vyote vitakapokataa, akuletee mtu anayekupenda kuliko anavyojali watu watasema nini.